Kogo Alihesabu Mara Mbili

Daktari wa Houston aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ukweli. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mimi ni mama wa baba yangu," nilisema.

Vidole vyake vikakimbia kwenye kompyuta. Nimelelewa sokoni, najua mtu akiandika kwa haraka hivyo amepata alichokuwa akitafuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, siku tatu sijalala, majani ya mwaloni kwenye nywele, na miguuni soksi za hospitali, zile za kijivu zenye nukta za mpira chini ili usiteleze ukitoroka. Nukta za mguu wa kushoto nilizihesabu mara mbili. Za mguu wa kulia sikuwa na hakika nazo.

Kisha baba akaingia. Alikuwa ameendesha gari kutoka Euless, karibu na Dallas, saa nne na ushee, bado amevaa fulana ya njano ya kazi ya uwanja wa ndege. Akainama, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa ile heshima ambayo hata mchungaji wetu haipati kwake:

"Mama, umeamkaje?"

Mlangoni palikuwa na muuguzi Mkenya. Daktari akamuuliza mzee anasema nini. Akatafsiri alichosikia, hakuongeza wala kupunguza: anamuuliza mama yake ameamkaje. Daktari akamtazama baba, akanitazama mimi, akamrudia baba. Nusura tulazwe wawili.

Nayaandika haya nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimelala vizuri na nimekula. Namwandikia mtu ambaye sasa hivi amekaa kwenye kiti cha plastiki, anangoja jina lake au la mtoto wake liitwe. Mambo ya ubongo utaambiwa na wenye shahada. Mimi nitakuambia mambo ya kiti.

Sisi ni Waogiek, watu wa msitu wa Mau, watu wa asali. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama humzunguka na kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayebisha milango ya jirani. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi. Mimi nilipiga chafya kwa Kobilo. Kobilo ni mama wa baba yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Tangu siku hiyo baba huniita Mama, na hajawahi kunipiga hata kofi, maana nani atampiga mamake? Nikiwa mdogo niliitumia sana hiyo. Nilipotaka soda nilisema, "Kobilo ana kiu," na soda ikaja.

Kwa hiyo nilipomwambia daktari mimi ni mama wa baba yangu, sikuwa mgonjwa katika hilo. Nilikuwa mgonjwa katika mengine. Shida ni kwamba hakuna mtu chumbani mle aliyejua kuyatenganisha, hata sisi wenyewe.

Kogo ndiyo bibi kwa lugha yetu, na Kogo Kobilo sikumwona. Nilichokuwa nacho ni hadithi ya baba, ambayo aliisimulia kwa Kiswahili ili sisi watoto wa Nakuru tuielewe. Kwamba watu wetu walipotolewa msituni na serikali, mizinga ya Kogo ilibaki juu ya miti. Kwamba alikuwa mgonjwa, akamtuma baba, mwanawe wa pekee wa kiume, arudi akaihesabu. Kwamba baba alirudi akasema: "Mama, iko kumi na miwili, yote salama." Kogo akamuuliza, "Umehesabu mara mbili?" Baba akasema ndiyo. Msimu huo huo wa mvua Kogo akafariki.

Mamangu, ambaye si Mwogiek, aliuza mitumba Nakuru, nami nilikua chini ya meza yake. Nilijua kupata bei kabla ya kujua kusoma. Nilipofika Texas nikiwa na miaka kumi na mitatu, kitu kilichonihuzunisha kuliko baridi ya madukani ni kwamba hapa bei imebandikwa na hakuna wa kuzungumza naye. Nilipomaliza shule nikapata kazi iliyonifaa: kuhesabu bidhaa kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Unahesabu rafu, unaandika, unarudia kutoka upande wa pili. Wenzangu walirudia kwa kulalamika. Mimi nilisema hii ni kazi ya ukoo.

Mwezi wa nane, joto la Dallas linapokuwa kama mtu aliyekusimamia mgongoni, nikasikia mwanamke nyuma ya rafu akisema, "Moja." Nikazunguka. Hakuna mtu. "Mbili." Akaenda hadi kumi na mbili, akanyamaza.

Sikuogopa. Hilo nataka ulijue, wewe unayengoja kitini, kwa sababu watu hudhani inaanza na hofu. Kwangu ilianza na furaha. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimebeba jina la mtu, na hatimaye mwenyewe amekuja kuliangalia.

Nikafanya nilichojua kufanya: nikapatana. Nikaiambia sauti, usiniite nikiwa juu ya ngazi. Usiniite nikizungumza na msimamizi. Tukakubaliana iniite wakati wa chakula na njiani kurudi nyumbani. Wiki mbili iliheshimu. Wiki ya tatu ikaja saa yoyote iliyotaka, na ikaanza kunipa masharti yake. Usile nyama. Usile jioni. Usile. Ukilala utapoteza hesabu. Mkanda wangu ulirudi matundu mawili nyuma, na kitana kikaanza kutoka na nywele nyingi kuliko nilizotaka kuona.

Nilimwambia baba. Alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kupakia mizigo, jua ndio kwanza linachomoza, chai iko mezani. Nilitarajia ataogopa. Akaweka kikombe chini polepole.

"Anasema nini?"

"Anahesabu."

"Anahesabu nini, Mama?"

"Sijui. Anafika kumi na mbili."

Baba akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Nilidhani ni kumkumbuka. Nikamhurumia, nikamwekea sukari.

Tangu hapo kila asubuhi alikaa na mimi mezani kabla sijaenda kazini. Aliuliza kwa adabu, kama mtu aliyefika ofisi ya serikali na karatasi zisizotosha. Je, hana baridi? Je, anajua tuko nchi hii? Siku moja, akitazama meza, akasema, "Muulize kama amenisamehe."

Sikujua kusamehewa kwa lipi. Nikasikiliza. Sauti ilikuwa kwenye saba, ikaenda nane. Haikujibu. Lakini baba alikuwa amekaa pale na macho mekundu ya zamu, na mimi ni mtu wa biashara. Mteja akisimama muda mrefu hivyo humwachi aondoke mikono mitupu.

"Amekusamehe," nikasema.

Mamangu ndiye aliyekuwa na macho. Yeye hufanya kazi ya kuwatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee Lewisville, na anajua mwili unaopungua ukoje. Asubuhi moja alisimama mlangoni na viatu vya kazi mkononi.

"Baba Kobilo, mtoto anakonda."

"Huyu si mtoto tu."

"Sawa. Ni mamako. Na mamako hali?"

"Mambo ya kwetu wewe huyajui."

"Ya kwenu siyajui. Ya mfupa wa bega nayajua. Mpeleke hospitali."

"Wampe dawa ya kumfukuza mama yangu?"

Hawakuzungumza siku nne. Nilizihesabu. Miezi minne ikapita hivyo, joto likaondoka, majani yakageuka rangi na kuanguka, na baba akaendelea kuniuliza maswali na mimi nikaendelea kupungua. Simlaumu peke yake. Nilikuwa na furaha ya kuulizwa.

Krismasi nilipanda basi kwenda Houston kwa Shangazi Rael, dada wa baba. Siku ya tatu asubuhi, sauti ikaniambia mizinga iko kwenye mialoni, niende nikaihesabu. Nikatoka bila viatu. Nyumba ya nne kutoka kwa shangazi kulikuwa na mwaloni mkubwa, nikaupanda. Mwenye nyumba, bibi wa Kizungu aliyevaa vazi la kulalia lenye maua, akatoka na kikombe.

"Unatafuta nini huko juu, mpenzi?"

"Mizinga ya nyuki."

"Sidhani kama ninayo," akasema, kama vile angeagiza ikihitajika. Akapiga simu, kisha akaketi kwenye ngazi zake, akazungumza nami kuhusu paka wake hadi gari la wagonjwa lilipofika. Hakunipigia kelele hata mara moja. Sijui jina lake. Namhesabu katika mema ya mwaka ule, na nikirudia hesabu bado yumo.

Hospitalini nilikaa siku kumi na moja. Siku ya kuondoka tulipewa karatasi. Tukiwa njiani kurudi Dallas, tulisimama kwenye kituo cha mafuta katikati ya barabara ile ndefu, mahali penye harufu ya kahawa na nyama ya kukaushwa, na mamangu akaisoma kwa sauti kwenye gari. Ilikuwa na orodha ya dalili. Ya kwanza: anaamini yeye ni bibi yake marehemu.

"Hiyo nayo ni ugonjwa?" mamangu akasema. "Basi ukoo mzima uandikiwe dawa."

Baba hakucheka. "Umeona?" akasema. "Nilikuambia watamtoa."

Na kweli dawa ilimtoa. Wiki ya pili nyumbani, sauti ikawa kama redio ya jirani. Wiki ya nne ikazimika.

Hakuna aliyenionya juu ya kimya hicho. Waliniambia nitanenepa, na nikanenepa. Sketi zangu zote zikawa za mtu mwingine. Waliniambia nitalala, nikalala saa kumi na nne na kuamka mto umelowa mate. Mikono ilitetemeka hata kushika kikombe ikawa kazi ya watu wawili. Ulimi ulikuwa mzito. Nilitaka kusema neno, na neno linafika likiwa limechoka. Yote hayo niliyavumilia. Lakini nilipita kwenye rafu za duka, nikahesabu makopo, nikangoja mtu aseme "moja," na hakuna aliyesema. Nilimkosa. Namwandikia anayejua: unaweza kukosa kitu kilichokuwa kinakuua. Nilisimama pale na kopo la maharagwe nikalia.

Nilitaka kupona, na nilitaka kubaki na Kogo. Kote nilikouliza, viliuzwa kimoja kimoja.

Mwaka ukielekea kuisha, nikaanza kupunguza. Nusu kidonge asubuhi, nusu ndani ya soksi. Nilijiambia hii ni bei ya katikati. Mamangu, ambaye huhesabu dawa za wazee thelathini kila siku, alizigundua baada ya siku tisa.

"Kobilo. Hii ni nini?"

"Ni nusu."

"Nusu ya nini?"

"Namwachia mlango wazi."

Mamangu akaketi kitandani kwangu. Sikuwahi kumwona akiketi akiwa na sare ya kazi. Husema sare ikikalia kitanda hospitali inahamia nyumbani. Akazishika zile nusu kwenye kiganja. "Mimi pia ningependa kumwona huyo mama mkwe," akasema. "Lakini nikichagua kati yenu wawili, nakuchagua wewe. Mwambie babako nimesema hivyo."

Muuguzi mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyetuelekeza kwenye kliniki ndogo upande wa Haltom City, ya vijana walioanza kusikia au kuona mambo hivi karibuni. Tulienda Januari, mwaka mzima baada ya Houston. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti tisa, na kwenye kila kiti blanketi lililokunjwa, maana aliyekipanga alijua kwamba watu wa dawa hizi husikia baridi. Nilikuwa nimekaa kwenye vyumba vingi mpaka hapo. Blanketi lile ndilo lililonifanya nisiondoke.

Aliyetupokea aliitwa Loretta, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye hereni za shanga. Kazi yake ni kuzisindikiza familia za wagonjwa. Alituambia yeye ni Mchoctaw, kwamba watu wake walitolewa kwao zamani wakatembezwa kwa miguu hadi Oklahoma, na kwamba vijana wengi wanaokuja pale ni wa watu wa asili kama yeye. Baba, ambaye alikuwa amekunja mikono tangu mlangoni, akaikunjua.

"Na sisi tulitolewa," akasema.

"Basi mnajua," Loretta akasema, na akasoma karatasi ya Houston. Alifika kwenye ile dalili ya kwanza akaweka kidole. Akaniuliza: "Kwenu mtoto hupataje jina?"

Mwaka mzima wa madaktari, na hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nikaanza kujibu kwa ulimi wangu mzito, akaninyanyulia mkono. "Ngoja. Nani anapaswa kuwepo wakati habari hii inasimuliwa?"

Baba na mimi tukasema pamoja: "Shangazi."

Wiki iliyofuata tulikaa sote wanne, Loretta, wazazi wangu na mimi, na Shangazi Rael akiwa kwenye simu katikati ya meza, akipika huko Houston, sufuria zinasikika. Baba akaeleza habari ya majina kwa Kiingereza chake cha kupakia mizigo, naye shangazi akaanza kuyataja kama yanavyotajwa, taratibu. Alipofika la tatu, Loretta akapiga chafya. Kubwa.

Shangazi akauliza kutoka kwenye simu: "Nani huyo amejibu?"

Ilikuwa msimu wa chavua ya mierezi. Januari Texas nzima inapiga chafya. Lakini baba alisimama, akampa Loretta mkono, akamwambia kwa uso usiocheka, "Karibu. Sasa wewe ni mama mdogo wa babu yangu." Mamangu alicheka mpaka akatafuta karatasi ya kujifuta. Nami nilicheka, na nikasikia ulimi ukicheka nami. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi ile ya Houston.

Hapo tungeishia, ningekuwa nimesema asante na kuendelea kuficha nusu zangu. Lakini Loretta, akiwa bado anapangusa pua, akaomba: "Mama yenu alikuwa mtu wa namna gani? Niambieni jambo moja tu alilolifanya."

"Kuhesabu," shangazi akasema bila kufikiri. "Wanaume walipanda miti, yeye alisimama chini na kuhesabu mizinga. Akienda anahesabu, akirudi anahesabu. Kumi na tisa akienda, kumi na tisa akirudi. Ikipungua hata mmoja hatulali."

"Kumi na miwili," nikasema.

"Kumi na tisa, mwanangu."

"Shangazi, ni kumi na miwili. Yeye mwenyewe ameniambia."

"Mimi ndiye nilikuwa nabeba mfuko nyuma yake. Kumi na tisa. Nani alikuambia kumi na miwili?"

Sote tukamtazama baba. Baba alikuwa anaitazama ile simu kama mtu anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea mguu wake.

"Sikwenda," akasema.

Kijiko kikaacha kugonga sufuria huko Houston.

"Nilifika ukingoni mwa msitu nikaogopa kukamatwa. Nikakaa kando ya barabara mpaka jioni. Nikarudi nikamwambia iko kumi na miwili. Nilibuni. Hesabu yake sikuijua, sikuwahi kumsikiliza akihesabu. Akaniuliza kama nilihesabu mara mbili. Nikasema ndiyo. Akanitazama tu."

Ndipo nikaelewa kwa nini alifunika uso siku ile ya chai. Sauti iliposema kumi na mbili, ilimwambia kwamba uongo wake ulikuwa kweli. Nani angempeleka hospitali mtu aliyemletea habari hiyo?

Nikaelewa na la pili, na hili liliniuma zaidi. Nikaitandaza ile sauti kichwani kama mamangu alivyotandaza robota jipya la mitumba Nakuru: kamera upande huu, yaani nguo za daraja la kwanza, na fagia upande ule, za kuuza kwa fungu. Nikakagua mshono kwa mshono. Ilihesabu mara moja tu, haikurudia. Ilihesabu kwa Kiswahili, na Kogo hakujua Kiswahili cha kununulia chumvi. Ilinituma mimi mwanamke juu ya mti, na mwanamke wa kwetu hubaki chini ya mti akihesabu. Na haikujua kitu chochote kuhusu Kogo isipokuwa uongo wa baba yangu.

Nilimwambia Loretta, "Siyo yeye."

Hakusema "umeona." Alisema, "Kwetu pia waliokufa hawaendi mbali. Mimi siwezi kukuambia nani huja na nani haji. Lakini bibi yangu hakuwahi kuniambia nisile."

Siku hiyo alienda kwa daktari wa kliniki ile wakaandika karatasi upya. Ile dalili ya kwanza ikafutwa. Mahali pake wakaandika kwamba nina jina la bibi yangu kwa desturi ya watu wangu, na kwamba baba yangu ataniita Mama, na asiyeelewa aulize. Nina nakala. Ndicho cheti pekee nilichokitia kwenye fremu. Kisha nikapatana na daktari kuhusu dawa, mapatano ya kweli safari hii, ana kwa ana: yeye anibadilishie ile inayofunga ulimi, mimi nimeze nzima. Akakubali. Nikasikitika kidogo kwamba hakuanza na bei ya juu.

Dawa mpya ilichukua muda kukaa. Mara mbili nilirudi nyuma. Mara moja, wakati wa mvua za mawe, nilisikia "moja" nikiwa naoga, nikasimama na sabuni machoni nikingoja "mbili," na nakiri niliingoja kwa hamu. Haikuja. Nilivaa, nikampigia Loretta. Mkono uliacha kutetemeka msimu ule ambao maua ya buluu hufunika kando za barabara kuu na watu huketisha watoto wao humo kuwapiga picha.

Siku moja ya maua hayo baba alinichukua kliniki. Tulikaa kwenye gari, injini imezimwa. Kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuwa nimebaki nalo, na lilinikalia kifuani kuliko dawa zote.

"Baba. Ile siku uliniambia nimuulize kama amekusamehe. Hakusema. Ni mimi nilisema."

Alitazama mbele, kwenye ukuta wa kliniki.

"Nilijua," akasema. "Mama hangesamehe haraka hivyo."

"Pole."

"Mimi ndiye nimekukalisha nyumbani miezi minne ili nisikie neno moja. Wewe unaniambia pole?" Akafuta kioo ambacho hakikuwa na kitu. "Swali bado liko, lakini. Sasa sijui nimuulize nani. Nilikuwa nauliza Kobilo. Na Kobilo ni wewe."

Nilimwambia awashe gari, kuna joto.

Mamangu alikuwa zamu Lewisville, na ilikuwa siku ya kujaza kile kisanduku cha dawa cha wiki, chenye vyumba kumi na vinne, asubuhi na jioni. Kazi hiyo ilikuwa ya mamangu tangu siku ya zile nusu, hakumwachia mtu. Lakini alikuwa ameacha chupa mezani na karatasi yenye mwandiko wake: Baba Kobilo, leo ni wewe.

Baba akanawa mikono. Akavaa miwani. Akatia vidonge kimoja kimoja kwa vidole vyake vya kubebea masanduku, akinong'ona, na mimi nikakaa upande wa pili wa meza ile ile, kikombe mkononi, mkono umetulia. Nje ndege zilikuwa zinashuka kwa zamu. Nilikuwa nasikiliza kama ninavyosikiliza hadi leo kila mtu anapohesabu, kwa ajili ya mtu mmoja zaidi chumbani, ambaye sikumwona na nimemkosa maisha yangu yote. Hakusema kitu.

"Kumi na nne," baba akasema, akafunga kifuniko.

"Umehesabu mara mbili?"

Mkono wake ukabaki juu ya kifuniko. Akanitazama, na mimi sikuondoa macho.

"Hapana, Mama," akasema.

Akafungua kisanduku, akaanza tena kutoka upande wa pili, kwa lugha yetu, kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia.